Pikipiki ya Kitaliano na Mguu wa Mke Wangu

Pikipiki ile niliikuta Tunduma, kwenye yadi moja karibu na mpaka, imefunikwa turubai katikati ya malori yanayosubiri kuvuka. Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika alikuwa ameugua Nakonde, upande wa Zambia, akarudi kwao kwa ndege, akamwachia mfanyabiashara wa Kizambia kwa bei ya kutupa. Mzambia naye aliiendesha wiki mbili akachoka nayo. Ilikuwa ya Kitaliano, silinda mbili, tangi la kijivu, na ukiiwasha ilikutetemesha kifua. Mimi ni mwalimu wa sekondari Vwawa. Nilikuwa nimevuka arobaini bila kumiliki kitu ambacho mtu mwingine angekitamani. Nikainunua kwa kahawa ya msimu mzima, na sehemu kubwa ya kahawa hiyo aliichuma mke wangu.

“Natotela, mudala,” aliniambia yule Mzambia akinikabidhi funguo, yaani asante mzee kwa Kibemba. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Nayaandika haya kwa sababu mke wangu sasa anachechemea, na mpaka leo sijamwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Nimejaribu. Kila mara naanza, halafu namuuliza kama maji ya kuoga yameshachemka.

Kuitunza ilikuwa kazi ya pili. Mafundi wetu wamezoea pikipiki za Kichina, ambazo ukikosa kipuri hapa unakipata duka la jirani. Hii ilikuwa na mikanda ya mpira ndani ya injini, inayotakiwa kubadilishwa hata kama inaonekana mizima, na mikanda hiyo niliisubiri kutoka Dar es Salaam miezi mitatu. Kishikio cha klachi kilipovunjika, mchomeleaji wa Mlowo alinitengenezea kingine kwa chuma cha kitanda. Vumbi la kiangazi liliziba chujio la hewa, tope la masika likaingia kila mahali. Nikalalamika, lakini moyoni nilifurahi. Kila nilipopita watu walisimama. Wanafunzi walikimbia kando ya barabara, wauza parachichi walinyoosha mikono, wenye bodaboda walipiga honi. Na mimi niliwapungia wote, mmoja mmoja, kama mbunge.

Masika ya pili pikipiki ikaanza kuzima. Nikiweka gia tu, injini inakufa. Fundi wangu wa Tunduma, mzee mpole anayefanya kazi chini ya turubai jirani na magereji ya malori, aliinama akatafuta nusu siku, kisha akanionyesha swichi ndogo kwenye stendi ya pembeni. Waitaliano waliiweka ili pikipiki isiondoke stendi ikiwa chini. Tope lilikuwa limeiua.

“Swichi mpya hapa hupati, mwalimu,” alisema. “Subiri tuagize.”

“Kata,” nikamwambia. “Unganisha moja kwa moja.”

“Na ukisahau stendi?”

“Kwani hizi za Kichina zina swichi? Watu si wapo?”

Akacheka, maana ni kweli. Kwetu ukiondoka na stendi iko chini, hufiki mbali. Mtu yeyote, hata asiyekujua, hata mliyegombana naye, atakupigia kelele: stendi, stendi! Asiyesikika atatikisa kiganja kuelekea nyuma kama anayefukuza kuku, nawe unapandisha mguu wa chuma kwa kisigino na kuendelea na safari. Hakuna anayeshukuru, ni jambo la kawaida mno. Fundi akakata nyaya mbili, akazisokota pamoja, akazifunga kwa tepu nyeusi. Injini ikaacha kuzima, nami nikarudi Vwawa nikipiga mluzi.

Jumapili moja mimi na mke wangu tulitoka kanisani kwenda kwa dada yake, ng'ambo ya Mlowo. Nilikuwa na helmeti moja tu, ile aliyoiacha mzungu, na niliivaa mimi. Mke wangu alikaa upande, kama wanavyokaa kina mama wakiwa wamevaa gauni refu, miguu yake ikiwa kushoto. Gauni lilifunika stendi.

Tulipopita sokoni watu walianza kunyoosha mikono. Muuza parachichi alisimama kabisa. Vijana wa bodaboda walipiga kelele wote kwa pamoja, wakitikisa viganja. Ndani ya helmeti sikusikia ila mngurumo wa injini yangu. Niliwapungia. Mke wangu akanigonga begani mara mbili. Nilidhani anaona fahari kama mimi, nikamwinulia kidole gumba na kuongeza mwendo.

Kwenye kona ya kushoto pikipiki ililala, stendi ikachoma lami, ikaturusha. Mimi nilichubuka viganja. Yeye pikipiki ilimwangukia kwenye nyonga na goti.

Watu walifika mbio. Muuza parachichi alimvua mke wangu viatu, akaweka kanga yake chini ya kichwa chake, ndipo akanigeukia.

“Tumekupigia kelele tangu kule sokoni, baba. Wewe unatupungia.”

Alisema bila hasira. Afadhali angenitukana.

Hospitali mke wangu alikaa wiki nyingi. Ndugu walipouliza, alijibu kabla yangu kwamba tuliteleza kwenye mchanga. Sikumwomba aseme hivyo. Nilisimama pembeni ya kitanda na chupa ya uji nikashukuru kimoyomoyo, na kushukuru huko kunanitia aibu kuliko ajali yenyewe. Aliporudi nyumbani, mtaalamu wa mazoezi alitaka aende kila wiki. Alikwenda na dada yake. Mimi nilikuwa uani, nanyoosha usukani, napiga msasa tangi, napaka rangi ya kijivu niliyoichanganya mara nne mpaka ikafanana. Pikipiki ilipona kabla yake. Kwenye miteremko ya kahawa hapandi tena. Anakaa kwenye kigoda na kuchagua zilizoiva.

Mwezi uliopita niliamua kuiuza. Akaja kijana kutoka Tunduma, mtu wa usafirishaji, amevaa vizuri, anaelewa pikipiki. Aliizunguka, akapitisha kidole ubavuni mwa tangi, upande wa kushoto.

“Mzee, haijawahi kuanguka hii?”

Mke wangu alikuwa anakuja kutoka jikoni na birika. Nilizisikia hatua zake, moja nzito, moja ya kuburuta. Ilikuwa nafasi yangu. Hata msamaha usingehitajika, jibu la kweli kwa mgeni lingetosha, naye angelisikia.

“Hapana,” nikasema. “Haijawahi.”

Akaweka birika mezani. “Karibu chai, shemeji,” akamwambia kijana.

Kijana alisimama kumpokea, akaona anavyotembea. “Pole, mama. Mguu umepatwa na nini?”

Mke wangu hakunitazama.

“Nilianguka shambani,” akasema, “kwenye kahawa.”

Akammiminia mgeni, kisha akanimiminia mimi, akatia sukari vijiko vitatu kama ninavyopenda, akakoroga. Nami nikanywa.