Aliyeligusa Faili

Tovuti ya nyumba yetu ya wageni pale Lushoto ilipozimika, sikuhangaika kutafuta mchawi. Nilikuwa naye mezani, anakula makande.

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Shamba la chai alikokuwa karani lilipouzwa kwa mwekezaji, alipunguzwa kazini akaja kwetu, tukampa chumba cha uani. Nilimfundisha mwenyewe kuitunza tovuti, nikampa neno la siri, kisha nikaanza kumwogopa. Siku ya gulio hakosi Mlalo, na huko Mlalo binamu yake alikuwa anajenga vyumba vya wageni. Yeye na mume wangu wakiongea Kishambaa, mimi mtoto wa wahamiaji nilishika nusu tu. Nusu iliyobaki niliijaza mwenyewe, na sikuijaza kwa wema.

Ukurasa wetu ulikuwa mweupe, na maneno machache ya Kiingereza yakitangaza hitilafu namba 500. Wakala wa Arusha alitaka kuviona vyumba humo mtandaoni kabla ya kutuletea watalii. Nikapiga simu Dar es Salaam kwa waliotupangisha nafasi kwenye seva yao, kompyuta inayohifadhi tovuti. Seva ile tuliitumia wengi, kama wapangaji wa nyumba moja, kwa hiyo nilimwomba Mungu kosa liwe la jirani.

"Majirani zako wote wanafunguka, dada," fundi akasema. "Kuna mtu kagusa faili lenu la maelekezo kwa seva."

Tuliolijua neno la siri tulikuwa wawili. Nilimuuliza shemeji kama aliingia.

"Niliingia, nikatoka," akasema, akaendelea kula.

Jibu hilo lilinikera. Mume wangu alisikia yote, akasema kama ni mdogo wake aliyeharibu, ahame, hata kama hana pa kwenda. Na mimi, niseme ukweli, nilitaka iwe yeye.

Nilikwenda kwenye kafe ya intaneti, nikasubiri laini ya simu ijikokote, nikalifungua faili. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: Shikamoo shemeji.

Mstari wa pili ulinieleza kwamba ameongeza njia ya picha za vyumba vya juu. Huo ulianza na alama ya #, kama nilivyomfundisha: ukimwachia mwenzio ujumbe ndani ya faili, tanguliza alama hiyo, seva itauruka. Maelekezo yenyewe aliyaandika sawasawa. Ni salamu tu aliyoiacha bila alama, na seva ikadhani ni amri, ikagoma. Nilielewa haraka. Kwao huko mlimani, mbele ya mkubwa hutangulizi kitu chochote kabla hujamwamkia.

Nikaifuta salamu, ukurasa ukafunguka. Habari za Mlalo zilibaki palepale, wala sikuacha kuzishuku.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa mlangoni. Shemeji alikuwa nyuma yake anamenya viazi, na kisu kikasimama.

"Ni yeye?" mume wangu akauliza.

"Ni seva ya Dar," nikasema.

Akaguna, akaingia ndani. Shemeji aliniangalia, hajui kama namfichia kosa au namtega.

"Shemeji," akasema taratibu, "salamu yangu hukuiona?"

"Marahaba," nikamwambia.