Marahaba Iliyochelewa

Chuoni nafundisha kwa nini binadamu hutenda wanavyotenda: tunalinda damu yetu, tunatafuta heshima, tunamshuku mgeni kabla hajafungua mdomo. Ni mambo ya kale, nawaambia wanafunzi, tumeyarithi. Huwa nayasema kana kwamba mimi sina mababu.

Mwaka jana dada yangu alinipigia simu kutoka Newala. Binti yake alikuwa amepata mchumba, fundi pikipiki wa Lisekese. "Njoo," alisema. "Baba yake ameshakubali, lakini mjomba mtu asipotamka, hakuna ndoa." Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mlango.

Nilipanda Newala na swali moja tu la kistaarabu: mnapendana?

Kijana aliingia na mjomba wake, akachuchumaa mbele yangu. "Shikamoo, mjomba."

Hapo nikamwona mpwa wangu mlangoni, mkononi bakuli la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Huyu niliyembeba mabegani kumwonyesha Ruvuma kule bondeni, sasa anamtazama kijana kwa macho yaliyokwisha kuihama nyumba ile.

"Una mikorosho?" nikauliza.

"Ipo ya mama, mjomba."

"Inazaa?"

"Inazaa."

"Na huyu mjomba wako, mnywaji?"

"Nakunywa nikipewa," mzee akadakia. "Hapa hata maji sijayaona."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kijana, bado amechuchumaa, akarudia kwa sauti ya chini: "Shikamoo, mjomba."

Kicheko kikakatika. Mzee akavaa kofia yake, akashika magoti tayari kuinuka.

"Kaka," dada akanong'ona, "mtoto wa watu amekuamkia mara mbili. Unamkataa?"

Kumbe ndivyo walivyoelewa wote. Salamu ya mchumba ikinyimwa itikio, posa imekataliwa. Hilo nalijua tangu utoto.

"Mjomba," mpwa wangu akasema pale mlangoni, "kama humtaki, sema. Usimwache na salamu yake mkononi."

Mababu wote walikuwa wamenijaa kooni, na marungu yao. Nikawameza.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Inuka, utapata ganzi."

Dada akapiga kigelegele. Mzee akavua kofia. Mpwa wangu akaingia na ming'oko, akanipita mimi, akaanzia kwa kijana.

Nikangoja zamu yangu.