Gitaa na Wimbo wa Unyagoni

Utepe wa kurekodia ukirudishwa nyuma hulia kama vifaranga waliomwagiwa maji. Mlio ule ninao masikioni hadi leo. Fundi wa kurekodi, aliyetoka Dar na gari lenye jenereta, alikuwa ameinamia mashine yake mbele ya ofisi ya kijiji, nasi watu wa Kiranjeranje tumemzunguka, tunangoja kusikia kilichoingia. Wenzangu walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha.

Wimbo uliokuwa ndani ya utepe ule ulikuwa wangu, lakini ulikuwa na wizi kidogo.

Niseme ilivyokuwa. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mjomba wangu ndiye aliyetunza gitaa la bendi ya vijana. Lilikuwa gitaa la umeme katika kijiji kisicho na umeme, kwa hiyo nikitoka shamba la kijiji nilikuwa nalipiga huku nimelilazia sikio ili nilisikie. Sauti ya kuimba sikujaaliwa. "Mwanangu," mjomba alikuwa akisema, "ukiimba wewe, mbuzi wa watu watakata kamba." Basi nikaimba kwa nyuzi. Nilichukua wimbo uliokuwa kichwani, nikauondolea neno mojamoja mpaka ukabaki mwendo wake tu. Swali nikaliweka kwenye nyuzi nene, jibu kwenye nyembamba, na mahali pa ngoma nikanyamaza kabisa. Huko kunyamaza ndiko kulikonichukua muda mrefu.

Tatizo, wimbo wenyewe ulikuwa wa unyagoni. Alinifundisha nyakanga wangu, mama aliyenifunda nilipokuwa mwari ndani, na hauimbwi mbele ya wanaume hata uwe na homa ya kuweweseka. Nikajidanganya: maneno hayamo, nani ataujua?

Siku hiyo fundi alipochomeka waya wa gitaa kwenye spika yake na kuweka kipaza sauti mbele, sauti ikatoka na mikwaruzo. Akataka kuipunguza.

"Iache, kaka," nikamwambia. "Ndivyo ninavyoitaka."

"Haya. Mwimbaji yuko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna!" Akamtazama mjomba. Mjomba akapatwa na kikohozi.

Nikapiga. Nilipofika pale pa kunyamaza, makofi yakajaza nafasi: pa-pa, pa. Wanawake wote waliofundwa, wenye watoto mgongoni na wenye majembe begani, walikuwa wamepiga makofi mahali pake hasa, bila kujijua. Kisha wakatazamana. Nyakanga wangu alikuwa katikati yao, na viganja vyake navyo bado vimekutana. Nilimaliza kwa sababu vidole viliogopa kusimama.

Sasa utepe ulikuwa umerudi mwanzo. Fundi alikwisha sema petroli imebaki kidogo: wimbo usipofaa, ataufuta arekodi kwaya juu yake. Tukasikiliza. Makofi yalisikika kuliko gitaa.

"Mama zangu, mmeniharibia," fundi akasema. "Nani kawaambia mpige makofi?"

Nyakanga akasogea. Nikamwamkia shikamoo, mara ya tatu siku hiyo.

"Marahaba tena," akasema, sauti kavu. Angesema ufutwe, ungefutwa, na mimi nisingeitwa unyagoni tena maisha yangu yote.

Akamgeukia fundi. "Humo ndani kuna mtu kasema neno?"

"Hakuna, mama. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi hakuna kilichosemwa. Na hayo makofi yaache, ndiyo ngoma yake."

Fundi akakuna kichwa, akachukua kalamu. "Niandike wimbo unaitwaje?"

Jina lake la kweli halitajwi.

"Andika Asubuhi ya Kiranjeranje," nyakanga akasema. Halafu akaninong'oneza: "Na pale mwisho umepakosea. Nilipokuwa nakufunda ulikuwa unasinzia, wewe."

Kwa furaha nikakaa juu ya spika, fundi akanifukuza, watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote.

Gari lilipoondoka nikalirudisha gitaa kwa mjomba. Nyumba ilikuwa tupu. Nikasukuma komeo, nikainama mpaka midomo ikagusa ubao wa gitaa, nikauimba wimbo wote na maneno yake, polepole, nikakosea palepale pa mwisho, nikarudia.