Ngoma Tuliyomchezea Mkuu wa Shule

Mkuu wetu wa shule alikuwa Mwingereza, na mpaka leo sijamsamehe. Mwaka mzima pale Njombe alituchapa viboko kila aliposikia Kibena, lugha yetu, bwenini. Lakini siku ya tamasha la wanafunzi, kwa kuwa Bwana DC alikuwa mgeni rasmi, akatuamuru tuvue mashati tucheze ngoma ya kwetu. Ilikuwa Julai, baridi inapasua midomo, na yeye amejizungushia skafu shingoni.

Hakuuliza ni ngoma gani. Tukachagua ya msibani, ile ya kumsindikiza maiti kaburini, na palipotakiwa sifa za marehemu tukaimba kwa Kibena kipara cha Mkuu na kiboko chake.

Wazazi waliotembea kutoka Makambako walielewa tangu ubeti wa kwanza. Wanaume wakavua kofia. Mama yangu akajitanda nguo kichwani, akainama kama mfiwa. Hakuna aliyecheka.

Mkuu alimnong'oneza mgeni wake, akatabasamu, kisha akatuashiria turudie. Tukarudia kwa moyo mmoja. Siku ile tulimzika mara mbili, na mara zote mbili alitupigia makofi.