Siku Baba Alipojiita Myahudi

Mjomba wangu alitoka kizuizini akiwa na meno sita na ombi moja: abatizwe. Aliliomba katika kanisa letu, kwenye kilima kile kile cha Nyeri ambako yeye na wenzake wa msituni walimuua mama yangu, dada yake wa tumbo moja. Bendera mpya ilikuwa imepepea miaka miwili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilitaka afe. Nasema wazi, maana siku hizi watu wa rika langu hujifanya walisamehe mapema. Waongo!

Mama alichomwa ndani ya nyumba yetu jioni moja ya Emajensi, ile hali ya hatari aliyoitangaza Mzungu kupigana na watu wa msituni, jua likiwa bado juu ya miti. Baba alikuwa ngati, yaani mlinzi wa kijiji upande wa Mzungu, na siku hiyo alikuwa postini, kwenye kituo chao cha ulinzi. Walimkosa yeye, wakamchoma mama. Mimi nilikuwa nimeenda mtoni kuteka maji. Niliporudi, paa lilikuwa limeshaanguka. Jirani alinishika kiunoni nisiingie, nikamng'ata mkono mpaka damu ikatoka.

Baada ya hapo Baba akawa mnyama. Alichonga rungu la mutamaiyu, ule mti mgumu wa huku kwetu unaorudisha shoka nyuma ukiugonga, na kule postini akavunja nalo mbavu za watu ambao hata msitu hawakuujua. Kila Jumapili alikuja nalo kanisani, akaketi nalo kwenye benchi la wazee. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Kanisa letu lilikuwa na desturi yake. Mtu aliyeikosea nyumba fulani hakubatizwa mpaka mmoja wa nyumba hiyo asimame kando yake mbele ya wote. Kwa hiyo mjomba alituhitaji sisi, na nyumba yetu ilikuwa imebaki na watu wawili tu, Baba na mimi.

Mwinjilisti alikuwa mgeni, mtu mrefu wa jamii ya wafugaji kutoka Doldol, masikio yametobolewa. Baba alimdharau waziwazi. Jumapili mjomba aliyokuja na ombi lake, mwinjilisti alitufundisha barua ya mtume kuhusu Wayahudi na Mataifa. Akauliza, "Humu ndani, nani ni Myahudi?"

Baba akainua mkono. Haki ya Mungu, aliinua mkono! Na wazee wenzake watatu wakainua. Hakuna aliyecheka, maana sote tuliamini hivyo. Kwetu sisi, Wayahudi walikuwa wasomaji, wale wa kwanza kuvaa shati na kushika Neno. Mataifa walikuwa wale waliokula kiapo wakaenda msituni.

"Mzee, wewe si Myahudi," mwinjilisti akasema. "Wewe ni wa Mataifa. Kama mimi. Kama huyu." Akamwonyesha mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa. "Mzeituni wa shambani ni Israeli. Mungu alikata matawi mengine, akachukua ya porini akayapachika hapo. Mzeituni wa porini mnaujua? Ni hiyo mutamaiyu uko nayo mkononi, mzee."

Watu wakageuka kulitazama rungu. Yeye akaendelea polepole: hakuna tawi lililojipachika lenyewe, Mungu humrehemu amtakaye, haulizi nani alianza kusoma, hata yale aliyoyakata anaweza kuyarudisha. Halafu akauliza, "Sasa wewe uliyepachikwa kwa huruma, utamzuia nani?"

"Ati nini?" Baba akafoka. "Mtu ya ng'ombe akuje hapa aniambie mimi ni sawa na huyu? Huyu alichoma bibi yangu!"

Akaruka benchi. Mjomba hakukimbia. Pigo la kwanza lilimpata begani, nikasikia mfupa ukilia ko! La pili likampasua kichwa. Damu ikaruka mpaka kwenye kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, akina mama wakapiga mayowe, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga kelele, "Muue, Baba! Mmalize!" Mwinjilisti akajitupa katikati, akala pigo la tatu mkononi. Hapo ndipo wanaume watano wakamwangusha Baba wakamkalia. Alikuwa analia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi.

Mjomba akajikokota kwa magoti hadi penye beseni la maji ya ubatizo, mkono mmoja ukining'inia.

"Sikukuja kujitetea," akasema. "Kuna kitu hamjui. Mlango wa ile nyumba, ni mimi niliufunga kwa nje. Kwa waya. Aliniita kwa jina la utotoni. Nikaendelea kufunga."

Miaka yote niliamini kwamba alikuwa tu miongoni mwao. Mwinjilisti, akiwa ameushika mkono wake uliokuwa unavimba, hakumtazama Baba. Alinitazama mimi.

"Binti, wewe pia ni wa nyumba hiyo. Ukikataa, hakuna mtu atakulaumu. Nitamwambia aende zake."

Nilitembea mpaka mbele. Nilimchukia mjomba. Nilimchukia Mungu pia, anayegawa huruma yake apendavyo bila kuniuliza mimi niliyechomewa mama. Lakini dakika chache kabla nilikuwa nimejisikia nikipaza sauti mtu amalizwe, ndani ya nyumba ya Mungu huyo huyo, na sauti ile haikuwa ya mtu wa Israeli hata kidogo. Nililijua hilo, na liliniuma.

Nikamzaba mjomba kofi kwa nguvu zangu zote. Nikamzaba la pili, likamwangusha. Kisha nikamshika kola nikamwinua, nikasimama kando yake, bega kwa bega, damu yake ikinilowesha gauni.

"Nimesimama," nikamwambia mwinjilisti. "Mbatize haraka, kabla sijabadilisha nia."