Siku Niliyoziombea Kampuni za Kamari

Chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka naona aibu mpaka masikio yanapata moto, na kule mtaani kwetu Uthiru kuna akina mama ambao mpaka leo wananiita mchungaji wa kamari.

Nilikuwa nazurura katikati ya jiji, sina kazi, sina haraka, nikaona watu wanaingia ukumbini kutoa maoni kuhusu sheria mpya ya kampuni za kamari za mtandaoni, leseni zao na kodi zao, na mimi kitu nisichokijua huniwasha mpaka nikione. Mlangoni kijana wa suti akaniambia, "Bosi, vaa hii tisheti ya kampuni, keti mbele. Chakula iko." Nikavaa. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Sasa, mkutano gani Kenya huanza bila maombi, hata uwe wa kamari? Mwenyekiti akatazama mbele, akanichagua mimi (uso wangu una upole wa uongo). Nikafumba macho, na kwa kuwa harufu ya pilau ilishanifikia, nikaomba kwa moyo wote: "Baba, hawa watumishi wako wapate leseni bila kuzungushwa. Na hii kodi, Baba! Tukiweka pesa ya kubeti tunakatwa, tukitoa tunakatwa. Jana nimekatwa, Baba, na timu yenyewe ikafungwa!"

Wenye tisheti wakaitikia, "Amina!" Kufumbua macho, upande wa pili naona akina mama wa kanisa letu, vitambaa vyao kichwani, wamekuja kudai kodi ipandishwe, na katikati yao Anti Njeri, aliyenipa chumba bure kwa sharti moja tu, niache kubeti. Nilikuwa nimemwapia, mkono juu ya Biblia yake.

"Kamau," akaita polepole, "jana ulikatwa wapi?"

"Anti, hiyo nilikuwa naombea wengine."

Akaomba kipaza sauti. Hotuba waliyomwandikia wenzake akaikunja, akaitia mkobani. "Mwenyekiti, mimi sina mengi. Pandisheni hiyo kodi mpaka huyu ashindwe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata yule wa suti. Pilau niliila nimesimama karibu na mlango, tisheti nimeigeuza ndani nje.

Chumba hakuninyang'anya, ila simu yangu siku hizi inalala kwake. Na nikiombwa tena kufungua mkutano kwa maombi, nitafumba jicho moja tu. La pili litakuwa linatafuta vitambaa vya akina mama.