Sufuria Iliyofunikwa Msibani

Kwenye misiba ya mtaa wao wa Mwananyamala, Somoe alikuwa haitwi. Akisikia kilio tu, anajifunga kanga kiunoni, anachukua kisu chake na kwenda kumenya, kupika na kusugua masufuria. Hivyo ndivyo majirani walivyomjua, mpaka ile filamu ilipofufuka.

Aliicheza akiwa msichana, kabla hajamzaa Lulu. Filamu ya mtaani, ya kanda, picha chenga tupu. Walimvika kaniki, wakampaka masizi usoni, wakamwambia wewe ndiye mchawi. Mchawi anafunika chungu mdomo chini, mtoto wa jirani anakata roho. Anakifunua, mtoto anaamka. Walipomaliza walimnunulia chipsi, naye akasahau. Mwaka huu mtu kaitoa kwenye kanda na kuirusha mtandaoni, na kile kipande cha chungu kikaingia kwenye kila simu ya mtaa.

Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakawa wanawavuta watoto ndani akipita.

Asubuhi aliyofariki Suhaib, mtoto wa Zubeda, kwa homa ya ghafla, Lulu alisimama mlangoni. "Mama, leo usiende."

"Nisipoenda ndiyo watasema ni mimi."

Alipoingia uani maongezi yalikatika. "Poleni jamani," alisema, akakaa jamvini. Aliyekuwa jirani naye akalivuta beseni la vitunguu upande wake.

"Tushapoa," Bupe alijibu, akitwanga kitunguu saumu bila kuinua uso. "Na hicho kisu umekuja kumenyea nini?"

"Vitunguu, Mama Ferdinand."

"Vimeisha."

Beseni lilikuwa limejaa pomoni. Mmoja akacheka puani. Somoe akainuka, akaifuata sufuria kubwa nyeusi iliyokuwa imetelekezwa bombani. Aliisugua kwa mchanga na majivu mpaka mikono ikamuuma. Akaisuuza. Kisha, kama alivyofanya kwenye kila msiba, akaifunika sakafuni, mdomo chini, ichuje maji.

"Kafunika!" mtu alipiga yowe. "Jamani, kafunika tena!"

Zubeda alitoka chumbani, alikolazwa mwanawe akisubiri kuswaliwa. Wote walidhani atampiga. Badala yake alipiga magoti kwenye maji machafu, akakamata pindo la kanga ya Somoe.

"Dada, mie sina ugomvi na wewe. Ifunue. Mwanangu aamke."

"Zubeda, mdogo wangu, ile ilikuwa filamu."

"Ifunue, nakuomba."

"Si umfunulie!" Bupe alikuwa ameshasimama, mchi mkononi. Nyuma yake wanawake walikuwa wameziba njia ya kutokea.

Akiifunua, amekiri. Asipoifunua, atakuwa amemuua yule mtoto mara ya pili, mbele ya mama yake. Somoe aliutazama ule mchi, akavitazama vidole vya Zubeda vilivyong'ang'ania kanga. Akainama. Akaishika sufuria kwa mikono miwili, akaigeuza.

Shingo zote ziligeukia mlango wa chumba. Pazia halikutikisika. Ndani, sauti ya kike iliendelea kusoma Yasini, haikupanda wala haikushuka.

Somoe naye alikuwa ameutazama ule mlango. Hakujua kwa nini. Alipogeuza uso, macho yake yakakutana na ya Bupe.

"Mmeona?" Bupe alisema polepole. "Hata mwenyewe anangoja."

Zubeda akaiachia kanga.